Bango Langoni mwa Kanisa



Wapendwa waamini na wasomaji wangu, juma hili nilikusudia kuandika juu ya mfungo na sala, kama ilivyo desturi yetu tunapolikaribia Juma Kuu. Lakini Ijumaa jioni, baada ya Njia ya Msalaba, alinijia kijana mmoja wa parokia yetu afanyaye kazi katika ofisi ya matangazo ya biashara mjini. Alikuwa na karatasi aliyoikunja mara nne. Baada ya kunisalimu alisema, “Baba Paroko, naomba uitazame hii kabla sijaipeleka kwa wakubwa wangu Jumatatu.”

Nikaikunjua. Palichorwa kaburi lililo wazi, jiwe limeviringishwa kando, nuru ikitoka ndani. Mahali pa sanda palikuwa na kreti ya soda. Juu yake yaliandikwa maneno mawili: “Furaha imefufuka.”

Nakiri kwamba hasira ilinipanda. Kabla sijafungua kinywa, kijana akanieleza hali yake. Ana miaka miwili katika kazi ya muda. Mkewe ni mjamzito. Na ameahidiwa kwamba mteja akilipenda tangazo lake la Pasaka, ataajiriwa moja kwa moja. “Baba,” akasema, “sikutaka kukufuru. Nimeambiwa nitafute wazo la Pasaka, nami Pasaka ninayoijua ni hiyo niliyofundishwa hapa kanisani.”

Hasira yangu ikakosa pa kusimama. Maana nilikumbuka jambo ambalo sijapata kuliandika, na leo naona sina budi kuliandika.

Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja ilituahidi viti 200 vya plastiki. Wakati huo tulikuwa tukiazima viti kwa kila sherehe, na mara nyingi wazee walisimama. Sharti lilikuwa moja tu, nalo lilionekana dogo: bango la kampuni litundikwe langoni mwa kanisa kuanzia Jumapili ya Matawi hadi Jumatatu ya Pasaka. Halmashauri ya parokia iliridhia, nami niliridhia kuliko wote. Bango likaja. Lilionyesha familia iliyovaa nguo mpya, meza imejaa, na maneno yaliyosema kwamba bila bidhaa ile Pasaka haijakamilika.

Jumapili ya Pasaka sikumwona bibi mmoja ambaye hakosi Misa hata mvua za masika zikifunga njia. Alikuwa akilea wajukuu watatu peke yake. Jumatatu nikaenda kumwamkia, nikidhani anaumwa. Nilimkuta amekaa kizingitini akichambua mchicha. Nilipomwuliza sababu, alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Baba, huyu mdogo sasa anajua kusoma. Alilisoma bango Jumamosi tulipokuja kufagia kanisa. Akaniuliza kama kwetu Pasaka imefika au haijafika. Sikuwa na la kumjibu, nikaona haya kumleta. Lango ni la kanisa, nikadhani na maneno ni ya kanisa.”

Wapendwa, nimesoma vitabu vingi vya teolojia, lakini sijapata kukemewa kwa haki kama siku ile. Viti vile tunavyo hadi leo. Kila nikikalia kimoja namkumbuka mtoto aliyeambiwa kwenye lango langu kwamba Bwana hajafufuka kwao.

Basi, je, biashara haina nafasi katika Pasaka? Hapana, wala tusiwe wepesi kusema hivyo. Tukiisoma Injili ya Marko kwa makini tunaona kwamba sabato ilipokwisha, wanawake walinunua manukato ili waende kuupaka mwili wa Yesu. Maana yake yupo mfanyabiashara wa Yerusalemu, ambaye jina lake hatulijui, aliyewauzia manukato hayo. Hakuna anayemlaumu. Aliwauzia wenye upendo kitu walichokihitaji kwa ajili ya upendo wao. Lakini Injili ya Mathayo inatuonyesha fedha nyingine ya siku zile zile: fedha nyingi waliyopewa askari walinzi ili waseme kwamba wanafunzi waliuiba mwili usiku. Fedha ya kwanza ilinunua manukato. Fedha ya pili ilinunua habari ya uongo juu ya kaburi tupu. Tangu asubuhi ile fedha ya Pasaka ni ya aina hizo mbili, na kila mwenye duka hana budi kujiuliza yake ni ipi.

Tazameni yai la Pasaka. Zamani waamini walikatazwa kula mayai wakati wa Kwaresima, kama walivyokatazwa nyama. Lakini kuku hawajui Kwaresima, waliendelea kutaga. Hivyo Pasaka ilipofika, kila nyumba ilikuwa na mayai mengi, nayo yalibarikiwa, yakapakwa rangi, wakapewa watoto na majirani. Watu waliona katika yai mfano wa kaburi: ganda lililo kimya, na ndani yake uhai. Utamu wake ulitokana na kungoja.

Kisha wakaja wenye viwanda. Nchini Uingereza, kampuni ya Fry ya Bristol ilitengeneza yai la chokoleti mwaka 1873, na Cadbury ya Birmingham ikafuata mwaka 1875. Ajabu ni kwamba familia hizo mbili zilikuwa za Marafiki, wale wanaoitwa Waquaker, ambao kwa mapokeo yao hawakuadhimisha sikukuu, wakiamini kwamba kila siku ni ya Bwana sawasawa. Watu wasioiadhimisha Pasaka ndio walioifundisha Uingereza kuinunua! Sisemi hayo kwa kejeli, maana walisifika kwa kuwajali wafanyakazi wao. Hata hivyo, kakao yao kwa miaka mingi ilitoka São Tomé, kisiwa kilichokuwa chini ya Wareno, ambako watu waliochukuliwa Angola walifanyishwa kazi katika hali ya utumwa. Cadbury walizipata habari hizo mapema, wakachunguza, wakajadiliana, na mwaka 1909 ndipo walipoacha kununua huko. Mtoto wa Kiingereza aliyepewa yai asubuhi ya Ufufuko hakujua kwamba aliyechuma kakao yake alikuwa bado kaburini.

Nasi hatuko mbali na habari hiyo. Kakao inalimwa hapa nchini, hasa wilayani Kyela, kule kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Nilipata kufika huko nikiwa padre kijana. Niliona mbegu zimeanikwa juani, na watoto wakimung’unya ule ute mweupe mtamu unaoizunguka mbegu. Niliwauliza kama wamewahi kuonja chokoleti, wakatazamana, wakacheka. Mwaka 2024, siku ya Jumanne ya Juma Kuu, bei ya kakao katika soko la New York ilipita dola 10,000 kwa tani, jambo lisilowahi kutokea kabla. Wenye maduka ya Ulaya walihofia bei ya mayai ya Pasaka. Mimi niliwakumbuka watoto wale, nikajiuliza ni nani atawatajia habari hiyo.

Hayo yote nilimsimulia kijana wetu, hata giza likaingia. Naye akanijibu kwa adabu, lakini kwa ukweli: “Baba, hayo ni mafundisho, nayo ni mazuri. Lakini Jumatatu nitaulizwa wazo.”

Alikuwa na haki. Padre anayekataza asiseme la kufanya amemfunga mwenzake mzigo bila kuugusa hata kwa kidole. Tukakaa tena, tukafikiri pamoja kama watu wawili wenye kazi moja.

La kwanza, nilimwomba aliondoe kaburi. Neno la Ufufuko lisipachikwe juu ya bidhaa, kwa kuwa soda haikufa wala haikufufuka, na kila mtu anajua. Kampuni inaweza kuwatakia watu Pasaka njema kwa jina lake yenyewe, kama jirani amtakiavyo jirani, bila kulikopa jina la Bwana.

La pili, tangazo lisiseme kamwe kwamba sikukuu imepungukiwa kwa asiyenunua. Wala lisimlenge mtoto ili amsumbue mzazi. Lionyeshe badala yake mgeni anayekaribishwa Jumatatu ya Pasaka, siku ambayo watu wetu hutembeleana, na chupa moja ikigawanywa katika bilauri tatu. Hapo kijana alicheka: “Mteja atasema nawafundisha watu kununua chupa moja.” Nikamwambia, “Anayegawana leo atakumbuka kesho ni kinywaji gani kilikuwapo alipokaribishwa.”

La tatu, na hili ndilo lililomfanya achukue kalamu, ni juu ya wakati. Wafanyabiashara huianza Pasaka Kwaresima ikiwa ingali changa, na Jumanne baada ya sikukuu hung’oa mabango. Kwa Kanisa ni kinyume: usiku wa Mkesha ndipo Pasaka inapoanza, nayo hudumu siku 50, hadi Pentekoste. Katika Kwaresima waamini wetu hawafanyi harusi za shangwe. Pasaka ikishapita, harusi hufuatana Jumamosi hadi Jumamosi, na komunyo ya kwanza, na kipaimara. “Wenzako wote,” nilimwambia, “wanagombania siku nne. Wewe mpelekee mteja wako siku 50.”

La nne, kama mteja anataka kutoa msaada, na atoe bila bango. Huko Australia sungura walioletwa kutoka Ulaya wameharibu nchi na kuwasumbua wanyama wa asili. Mwaka 1993 kampuni ya Haigh’s ya Adelaide iliacha kutengeneza sungura wa chokoleti wa Pasaka, ikauza badala yake umbo la bilby, mnyama mdogo wa kwao mwenye masikio marefu, aliye hatarini kutoweka, na sehemu ya mapato ikaelekezwa katika kuilinda nchi dhidi ya sungura. Waliuza, tena waliuza vizuri. Lakini waliitazama kwanza nchi yao na kuuliza inaumwa wapi.

Kijana aliikunja karatasi yake mara nne kama alivyokuja nayo. Aliniomba baraka, nikampa. Jumatatu usiku alinipigia simu. Mkubwa wake aliyasoma mapya, akanyamaza, akasema la siku 50 lina akili lakini la kaburi lilikuwa na “mvuto” zaidi, na kwamba mteja ndiye atakayechagua. Hadi ninapoandika haya hajajibiwa. Huenda kazi ikapotea, nami siwezi kusema kwa wepesi kwamba haidhuru. Si mimi ninayengoja mtoto. Namwombea, nanyi mwombeeni.

Upande wangu kuna mtihani vilevile. Kampuni nyingine imeleta barua: wako tayari kutupatia mahema kwa ajili ya Mkesha, na wangependa kutundika bango langoni. Mahema tunayahitaji, kwa maana masika yameanza. Halmashauri itakutana Jumanne. Nitawaomba wawashukuru na kuwaambia kwamba mahema tutayapokea kwa furaha, na majina yao tutayasoma katika matangazo baada ya Misa, lakini lango litabaki wazi. Wakikataa, tutalowa. Na usiku ule nitampelekea yule bibi mshumaa wa kwanza utakaowashwa kutoka mshumaa wa Pasaka, ili amkabidhi mjukuu wake, ambaye sasa ni mkubwa na anasoma vizuri kuliko mimi.

Mungu awajalie mwisho mwema wa Kwaresima. Tukutane Mkeshani.

Wenu katika Kristu,
Paroko