Sigaa Moja Haijakatwa

Hapa Nyarugusu tumbaku iko ya kila namna. Iko ya kunusa, iko ya kutafuna, iko ya kiko kwa ajili ya wamama wazee, na iko ya kufunga kwenye karatasi ya daftari. Lakini sigaa, yaani ile nene inayosokotwa kwa majani matupu bila karatasi, mimi nimeiona kwa mzee mmoja tu: babu yangu, mzaa baba. Alisokota mwenyewe, akahifadhi mwenyewe, na hakumkatia mteja mpaka amwone ameshika kiberiti.

Watu walimwuliza alijifunzia wapi. Jibu lake lilikuwa neno moja: Kuba.

Wasiojua historia ya kwetu walicheka. Wacha nieleze. Mwezi wa Aprili 1965 kikundi cha Wakuba kikiongozwa na Ernesto Che Guevara kilivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, kikashukia Kibamba, upande wa Fizi, kuwasaidia waasi waliokuwa wanapigana na serikali. Baadaye walizidi 100. Walijipa majina ya namba za Kiswahili: Víctor Dreke aliitwa Moja, Guevara mwenyewe aliitwa Tatu. Novemba ya mwaka uleule walivuka ziwa kurudi Kigoma, vita imewashinda.

Babu alikuwa kijana wa miaka 15, kazi yake kupandisha mihogo mlimani. Alisema mmoja wa wale Wakuba, mtu mweusi kama sisi, alichukua majani ya tumbaku ya baba yake, akayanusa, akatikisa kichwa, halafu akakaa chini kumfundisha. Majani mafupi ndani, jani la kuyabana katikati, na jani zuri lisilotoboka nje. Gundi ikawa uji mzito wa muhogo. Walielewana kwa mikono, maana Kiswahili cha yule bwana hakikuzidi salamu na zile namba.

Mwaka 1996 vita ilipotufukuza, nilikuwa na miaka sita. Tulivuka ziwa lilelile kwa mtumbwi mpaka Kigoma, kisha tukaletwa hapa Kasulu. Babu alibeba jembe, mtungi wa udongo na kifurushi cha mbegu za tumbaku zilizofungwa kwenye kitambaa. Mtungi ulivunjika njiani. Vigae vyake alivikusanya, na vile vigae ndivyo vilivyomsaidia kuliko angekuwa nao mzima.

Tumbaku ina maadui wawili, ukavu na unyevu, na Kigoma tunao wote. Kiangazi, kuanzia Juni mpaka Agosti, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye sufuria, na sigaa iliyoachwa wazi inapasuka ngozi kama kisigino. Ukiivuta inawaka haraka na kuunguza ulimi. Masika yakija, inavimba, haipitishi hewa, na inaota ukungu. Wataalamu wa sigaa wanazitunza kwenye masanduku ya mbao ya mwerezi, hewa ya ndani ikiwa na unyevu wa asilimia 65 hadi 70 hivi. Babu hakuwa na kipimo. Alikuwa na kopo la mafuta ya msaada.

Kopo hilo alilikata juu, akalisugua kwa majivu, akalianika juani wiki nzima, kwa sababu tumbaku inanyonya kila harufu. Ukiiweka karibu na dagaa au mafuta ya taa, utavuta dagaa na mafuta ya taa. Ndani alitandika majani makavu ya mgomba. Juu aliweka kifuniko cha mbao. Halafu kigae: alikilowesha, akakifuta mpaka kisidondoshe tone, akakiweka pembeni bila kugusa sigaa. Udongo uliochomwa unakunywa maji na kuyaachia polepole. Kiangazi alikilowesha kila Jumamosi. Masika alikitoa kabisa, akafungua kopo asubuhi lipate hewa.

Kila alipofungua alibonyeza sigaa moja kwa vidole viwili. Ikizama kidogo na kurudi, iko sawa. Ikilia kama jani kavu, inahitaji kigae. Ikibaki imezama, inahitaji hewa. Akiona vitundu vidogo kama vya sindano, anajua mdudu wa tumbaku ameingia, na ile yenye vitundu inakwenda motoni siku hiyohiyo kabla haijaambukiza nyingine.

Kuhusu kukata alikuwa mkali kweli. Kichwa cha sigaa, ule upande wa kuweka mdomoni, kina kofia ya kipande cha jani kilichobandikwa. Unakata kofia tu, kama milimita mbili. Ukishuka chini zaidi, jani la nje linafunguka lote, na kazi ya siku nzima imekwisha. Wembe uwe mpya, maana butu unaponda. Na usikate leo ili uvute kesho, kwa sababu sigaa iliyokatwa inakauka kuanzia kwenye jeraha lake.

“Mutoto,” aliniambia, “ile haijakatwa inaweza kungojea miaka. Ile imekatwa haina tena njia ya kurudi.”

Sitaki msomaji adhani naisifu tumbaku. Shirika la Afya Duniani linasema inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Che mwenyewe alikuwa na pumu, na bado alivuta. Babu alianza kukohoa miaka mingi iliyopita. Muuguzi wa kliniki alimwambia aache, akaacha kuvuta kila siku, akabaki na moja ya Jumapili. Sisi wajukuu alitukataza kabisa. Aliyeonekana na moshi mdomoni alinyimwa salamu mwezi mzima. Mimi nilijifunza kusokota, kuhifadhi na kukata, lakini mpaka leo sijavuta hata moja. Kwake hilo halikuwa na utata. Alisema kazi ya mikono ni yako, kifua pia ni chako, usikiuze kimoja ili upate kingine.

Kiangazi kilichopita kifua kilimshinda. Tulimzika hapa, si Fizi.

Tulipofungua kopo lake tulikuta sigaa moja tu. Wote tuliijua. Aliisokota mwaka 1997, kwa majani ya zile mbegu zilizotoka kwetu, akasema ataikata siku atakayoshuka mtumbwini upande wa pili wa ziwa. Miaka yote hiyo ilikaa chini kabisa, na kila mwaka alifikiri huu ndio wenyewe. Amani ilitangazwa, watu wakafunga mizigo, kisha habari za vijiji kuchomwa zikafika, mizigo ikafunguliwa.

Baada ya matanga familia iligawanyika. Baba mdogo alitaka tuikate, wazee waipokezane, kila mmoja avute mara moja kwa heshima ya marehemu. Shangazi alikasirika. Alisema kuikata hapa ni kama kutangaza kwamba safari imekwisha, na yeye hajakubali. Kaka yangu, ambaye faili yake ya kuhamia Marekani ilikuwa kwenye mchakato, alisema aichukue. Shangazi akamwuliza: “Kule utashukia ziwa gani?” Hakuna aliyecheka.

Mwishowe waliniachia mimi, kwa sababu ndiye ninayejua kuitunza. Niliwaambia sitaikata, sitaizika, na haitapanda ndege. Wa kwanza wetu kukanyaga Fizi kwa kurudi, si kwa kutembea, ndiye atakayekabidhiwa na wembe mpya. Anaweza kuwa baba mdogo, anaweza kuwa binti yangu, ambaye ziwa lenyewe hajaliona. Akiwa havuti, aikate tu na kuiacha ufukweni. Babu hakusema lazima ivutwe, alisema itakatwa.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, mkipita nyumba kwa nyumba wakati wa uhakiki na mkakuta kwetu kopo la mafuta lisilo na mafuta, lina kigae chenye maji na kitu cheusi kimoja kama kijiti, tafadhali msilihesabu kwenye makopo matupu. Na mkilifunua, lifunikeni haraka. Ni kiangazi.