Jiko la mkaa si la kulala nalo chumbani

Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Njombe haina utani. Mama mwenye kichanga huwasha jiko la mkaa nje, hupepea mpaka moshi uishe, kisha huliingiza chumbani na kufunga mlango na dirisha. Kwa macho yake amefanya la busara, maana moshi umebaki nje. Na nani amlaumu? Mtoto wa siku kumi hawezi baridi ile.

Lakini mkaa uliokolea, ule mwekundu usio na moshi, bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua kama kawaida huku mwili unakosa hewa. Huanza kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu. Aliyelala hasikii hata hayo.

Kuacha upenyo mdogo dirishani hakutoshi. Jiko libaki nje. Kichanga avishwe kofia na soksi, alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe blanketi pamoja. Kitanda kinaweza kupashwa kwa chupa ya maji ya moto, itolewe kabla mtoto hajalazwa.

Na wawili watatu wakiumwa kichwa kwa pamoja ndani ya nyumba yenye jiko, wasitafute panado kwanza. Watoke nje wote, na mtoto, waende hospitali usiku huohuo.