Tulivyokaa Pamoja Masasi Kabla ya Safari

Mwalimu mmoja aliniuliza, "Mlijifunza nini wiki sita zile mlizokaa Masasi, nanyi ni watu mliokwisha kufundishwa?" Naandika habari hizi nipate kumjibu yeye, na wengine wenye kuuliza kama yeye.

Masasi ni mji uliokaa kati ya milima mikubwa ya mawe. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misioni ya Vyuo Vikuu alitoka Unguja pamoja na wanaume na wanawake waliokombolewa katika utumwa, wakashuka Lindi, wakaenda bara kwa miguu. Nia yao ilikuwa kufika pande za Ziwa Nyasa, lakini walipoiona nchi ya Masasi iliwapendeza, wakakaa, wakajenga, wakalima. Mwaka 1882 kijiji chao kilivamiwa na Magwangwara, na mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, misioni iliteketezwa kwa moto, wakajenga tena. Basi kanisa la huku lilianza kwa watu waliokaa pamoja, wakala pamoja na kuzikana.

Sisi tulikuwa watu kumi na wawili, wanaume wanane na wanawake wanne: walimu, wakulima, na fundi cherehani mmoja. Tulikuwa tukijiweka tayari kwenda kutembelea vijiji vya juu, katika uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Nyumba za kulala zilikuwa mbili, ila jiko lilikuwa moja.

Kengele ililia saa kumi na moja alfajiri. Tukisha kusali, kila mtu alishika zamu yake: wawili kuteka maji, wawili kupasua kuni, wawili kupika, wengine kufagia. Zamu ziliandikwa ubaoni, na mzee wetu aliyetuongoza aliandika jina lake mwenyewe penye kuosha masufuria. Asubuhi tulisoma Maandiko. Mchana tulikula ugali wa muhogo kwa mbaazi au kisamvu. Alasiri tulikwenda wawili wawili katika nyumba za jirani, tujizoeze kusikiliza kabla ya kusema. Jioni tuliota moto, na kila mmoja alieleza alipokosa siku ile.

Neno hilo la jioni ndilo lililonishinda. Mimi ni mwalimu wa dini wa miaka mingi, tena nilikuwa mkubwa kwa umri kuliko wengi wao. Zamu yangu ya maji ilipofika, nilimwita kijana mmoja nikamwambia, "Mwanangu, nisaidie ndoo hizi, mimi natengeneza somo." Akaenda. Kesho yake tena, na siku ya tatu tena. Jioni nilipoulizwa, nilisema sina kosa.

Siku ya nne kijana yule hakuamka. Alishikwa na homa, na mapipa ya jikoni yalikuwa makavu. Hakuna aliyenilaumu. Mzee wetu alichukua ndoo mbili kimya, akashika njia ya kisimani. Nikamfuata mbio, nikazishika, naye akaniachia moja tu. Njia ile ilikuwa na mteremko mkali, na wakati wa kurudi nilipumzika mara tano. Mimi niliyekuwa nimefundisha habari za Bwana kuwatawadha wanafunzi wake miguu, sikuujua hata uzito wa maji ya kunawia.

Jioni ile nikasimama mbele ya wote nikaungama. Kisha nikaenda kitandani kwa kijana, nikamwomba radhi. Akacheka kidogo, akasema, "Si kitu, Mwalimu. Lakini ndoo zako ni nzito kuliko za wengine." Tukacheka sote, na tangu siku ile tukawa ndugu kweli.

Hata wiki sita zikaisha, tukapanda uwanda wa Makonde. Nchi ile ni ya mchanga. Mvua hunyesha ikazama chini, na tangu zamani wanawake wameshuka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha kichwani. Katika nyumba ya kwanza tuliyoingia, mama mmoja mzee alitutolea maji ya kunywa katika kata, kisha akatuwekea mengine tunawe. Nilikunywa polepole. Kama ningalikuja kabla ya Masasi, ningalikunywa, nikapangusa kinywa, nikaanza kuhubiri. Siku ile niliuliza kwanza mtungi uko wapi, nikashuka bondeni pamoja na yule kijana. Tuliporudi, yule mama alituita watoto wake, akatupa viti, akatuambia tuseme tulilolijia.

Ndilo jibu langu kwa yule mwalimu. Nanyi wazazi, andikeni zamu za kazi nyumbani mwenu, na jina la baba liwemo. Nanyi walimu wenzangu, msimwite mtoto wa shule abebe ndoo iliyo yenu.