Safari ya wajukuu na sukari ya babu

RAMANI kubwa ya Marekani imetandazwa juu ya meza ya jikoni, vikombe vya chai vimewekwa kwenye pembe zake ili isijikunje. Ni Machi, jijini Minneapolis, na nje theluji bado haijaisha. Kwa kalamu nyekundu, babu anachora njia atakayowapitisha wajukuu wake watatu shule zikifungwa Juni: magharibi mpaka bahari ya Pasifiki, kusini mpaka jangwani, kisha nyumbani. Wiki nane. Dereva ni yeye, peke yake.

Gari lenyewe ni lile ambalo Wamarekani huliita RV, nyumba juu ya magurudumu: vitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu, vyote nyuma ya kiti cha dereva. Unalikodi, unaegesha kwenye eneo la kambi, unachomeka umeme na mpira wa maji, unapika ugali wako. Leseni ya kawaida inatosha kwa mengi ya magari haya ya kukodi. Mafuta ndiyo yanayouma, maana lita moja huenda kilometa nne hivi.

Kwa wazee hawa safari hii ni deni. Walitoka Moshi zaidi ya miaka 20 iliyopita na wamefanya kazi zamu za usiku kwenye nyumba za kutunzia wazee hadi walipostaafu. Wajukuu wamekua wakiambiwa wanyamaze mchana kwa sababu babu na bibi wamelala. Mkubwa ana miaka 11 sasa. Miaka mitatu mingine atakuwa na mambo yake.

Binti yao, mama wa watoto na nesi kwa kazi, anaitazama ile kalamu nyekundu kwa muda. Kisha anauliza: "Baba, siku hizi unapima sukari mara ngapi?"

Babu anakunywa chai. Anayejibu ni bibi. Anasema Januari, wakitoka kanisani, mzee alisimamisha gari pembeni ya barabara, shati limelowa jasho na nje kuna baridi ya kugandisha, akamuuliza nyumbani ni kushoto au kulia. Kipande cha keki kilichobaki kwenye mkoba ndicho kilichomrudisha. Walikubaliana wasimwambie mtu.

Huenda wengi wangekubaliana hivyohivyo. Mzee anayeendesha gari hataki kusikia neno litakalompokonya ufunguo. Lakini anayetumia insulini anaweza kushukiwa na sukari ghafla, na ubongo ndio unaoumia kwanza: mtu anatetemeka, anachanganyikiwa, anakuwa mkali bila sababu, na yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Akiwa kwenye kochi, ni shida ndogo. Akiwa na lori la vitanda kwenye barabara kuu, na watoto watatu wamefunga mikanda nyuma yake, ni jambo jingine.

Binti hakumnyang'anya ufunguo. Alichukua kalamu ya bluu.

Kwanza, sheria za dereva. Babu atapima kabla ya kuwasha gari na kila baada ya saa mbili. Kipimo kikisoma chini ya 70 kwa hesabu ya Marekani, yaani 3.9 kwa mashine nyingi za Tanzania, anaegesha, anakula gramu 15 za sukari ya haraka, anasubiri dakika 15, anapima tena. Gramu hizo 15 ni nusu glasi ya juisi au kijiko kikubwa cha sukari au asali. Chokoleti haifai, mafuta yake huichelewesha sukari kuingia kwenye damu. Na kipimo kikirudi sawa asikimbilie usukani, kwani kichwa huchelewa kutulia. Uingereza huwataka madereva wa namna hii wasubiri dakika 45 zaidi.

Pili, dereva wa pili. Bibi hakuwahi kuendesha kitu kikubwa kuliko gari la saluni. Aprili nzima, kila Jumamosi, amekuwa akijifunza kwenye uwanja mtupu wa maegesho, kwa gari la rafiki yao wa kanisani. Kona anazimudu. Kurudi nyuma bado, anashuka mara tatu kuangalia. Hakuna ubaya, na kama madereva wengi wangeshuka hata mara moja nguzo nyingi zingekuwa salama.

Tatu, ramani yenyewe. Pasifiki imeondoka. Wiki nane zimekuwa siku 24, na mwisho wa safari ni hifadhi ya Yellowstone, iliyoanzishwa mwaka 1872. Kwa siku, saa nne tu barabarani, mbili kwa kila dereva. Siku ya kwanza watalala Sioux Falls, ya pili Chamberlain kando ya mto Missouri, ya tatu Badlands, penye vilima vya udongo vilivyochongwa na mvua kama keki iliyokatwa vibaya.

Badlands ndipo binti alipokaa zaidi na kalamu yake. Julai joto pale linaweza kupita nyuzi 38, na insulini haitaki zaidi ya nyuzi 30. Ikiganda nayo imeharibika, kwa hiyo haigusi barafu wala ukuta wa nyuma wa friji. Ndiyo maana wanatafuta nafasi zenye umeme katika kambi ya Cedar Pass: friji na kiyoyozi viende usiku kucha bila jenereta. Na gari likizimwa juani, joto ndani hupanda nyuzi 11 hivi kwa dakika kumi tu. Hakuna mtoto atakayeachwa humo "dakika moja" bibi aingie dukani.

Kutoka hapo njia fupi hupita milima ya Bighorn, lakini kwenye barabara namba 16 inapanda hadi karibu mita 2,950, na kuteremka huko na gari zito ni kazi ya breki na roho. Wataizunguka kwa barabara kuu namba 90 hadi Livingston, wateremke kusini hadi Gardiner, wapumzike siku mbili. Gardiner iko mita 1,600 hivi, na kambi yao ya Fishing Bridge, karibu na ziwa la Yellowstone, ni zaidi ya mita 2,300. Bibi, mzaliwa wa Marangu, alicheka kusikia watu wanaogopa kimo kilicho chini ya kibanda cha Mandara. Alipokumbushwa kwamba Mandara alipanda akiwa na miaka 19, aliacha kucheka. Kambi hiyo hairuhusu mahema, kwa sababu ya dubu. Nyati wa Amerika hawana zuio kama hilo, na ndio waliojeruhi watu wengi kuliko mnyama mwingine yeyote hifadhini. Mita 23 ndiyo sheria, hata kama anaonekana amesinzia.

Mjukuu wa kati ana pumu. Moshi wa misitu inayoungua huweza kusafiri mbali magharibi kiangazi, kwa hiyo simu ya bibi imewekewa AirNow, huduma ya serikali inayoonyesha hali ya hewa tunayovuta. Ikipita 100, mtoto huyo anabaki ndani, na moto wa kambi hauwashwi. Kihisi cha kaboni monoksaidi kitajaribiwa siku ya kuchukua gari. Ni gesi ileile inayowamaliza watu wanaolala na jiko la mkaa ndani, na jenereta ya RV huitoa pia.

Jambo la mwisho halikumaliza dakika kumi, na ndilo babu na bibi wengi husahau. Kisheria wao si wazazi. Binti na mumewe wamesaini barua mbele ya mthibitishaji, kuwaruhusu wazee kukubali matibabu ya watoto. Nakala za kadi za bima zimo humo, pamoja na orodha ya dawa, mzio na simu. Zote ni karatasi. Ndani ya Yellowstone mtandao hukatika mno kutegemea simu.

Mwishoni mwa Mei waliliazima lile gari la rafiki, wakalala humo usiku mmoja mbele ya nyumba. Mdogo alilia kidogo akataka mama, ambaye alikuwa hatua kumi kutoka pale. Mkubwa alionyeshwa droo ya juisi, na mashine ya kupimia inavyowekwa damu. Asubuhi babu alipanda kwenye kiti cha dereva, akanyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Babu," sauti ikatoka kitanda cha juu, "umepima?"

Babu akashuka kutafuta mashine.