Daftari la Sukari

Daftari lenyewe ni la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Nimelibeba kutoka Usangi mpaka hapa mjini, na kusema kweli ndilo andiko langu pekee nililowahi kulifikisha ukurasa wa mwisho. Wenzangu mnaojua ninavyohangaika na hadithi zinazokufia katikati mtanielewa.

Ndani hamna hadithi. Mna tarehe na tarakimu tu. Mama ana kisukari tangu 2009. Mwaka 2018 nilimaliza chuo, nikakaa nyumbani mlimani bila kazi, basi nikapewa hiyo: kila asubuhi nimtoboe Mama kidole, nidondoshe damu kwenye kile kimashine, niandike. Januari inasomeka 14, 13, 15. Machi ni 11. Mei ni 9. Julai, siku moja, 6.

Siku ya 6 nilichora nyota pembeni kwa kalamu nyekundu.

Nyumba nzima ilishangilia, na kila mtu alidai ushindi ni wake. Shangazi alisema ni majani yake ya mlonge. Baba alisema ni dua. Mama akasema ni kwa vile ameacha sukari kwenye chai. Mimi nilinyamaza, lakini kimoyomoyo nilijua ni mimi: mimi niliyemnyima wali, niliyegombana na kila mtu jikoni mpaka ugali wa sembe ukawa wa dona. Nilijiona daktari, bwana.

Hakuna aliyejiuliza mbona mtu ambaye sukari yake inashuka vizuri hivyo miguu inamvimba jioni. Hakuna aliyejiuliza mbona hana hamu ya kula, mbona anajikuna usiku kucha, mbona mkojo una povu. Tulisema ni uchovu, ni mlima. Usangi kwenda sokoni tu ni kupanda na kushuka, na magoti ya Mama yalikuwa yanamuuma miaka. Kwa magoti hayo alikuwa anameza diklofenaki, za kununua dukani, mbili asubuhi, mbili jioni, kama karanga.

Agosti, alfajiri, nilimkuta amelowa jasho kama aliyenyeshewa. Anaongea maneno yasiyoungana, anamwita dada yake aliyekufa zamani. Nikamtoboa kidole. 2.4. Nilikimbilia jikoni nikakoroga chai, sukari vijiko vinne, chai ile ile tuliyokuwa tumeipiga marufuku, nikamnywesha kidogo kidogo huku mkono unanitetemeka. Alipopata fahamu kitu cha kwanza alichosema ni, "Mbona tamu hivi?"

Tukashuka Mwanga kwa gari la asubuhi, kona baada ya kona, yeye kaegemea bega langu. Kutoka hapo tukaenda Moshi, KCMC.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, labda ananizidi miaka michache. Nilimpa daftari kwa fahari kidogo, nikitegemea asifu. Alilifungua, akafuata tarakimu kwa kidole kutoka Januari mpaka Agosti, akafika kwenye nyota yangu nyekundu, akanyamaza. Halafu akauliza, "Figo aliwahi kupimwa lini?"

Hakuwahi. Kliniki aliyohudhuria miaka yote ile walimpima sukari na presha, wakajaza kadi, basi. Sitaitaja. Foleni ilikuwa ya kutwa na muuguzi mmoja, na sisi wenyewe hatukuuliza, kwa sababu hatukujua kuna la kuuliza. Kumbe kila mwenye kisukari inafaa apimwe mkojo na damu kwa ajili ya figo angalau mara moja kwa mwaka, hata kama haumwi popote. Figo haziumi. Zinakwisha kimyakimya. Protini inaanza kuvuja kwenye mkojo miaka mingi kabla mtu hajavimba mguu, na kipimo cha kuiona ni kikopo cha mkojo tu.

Halafu akatueleza lile ambalo mpaka leo linaniamsha usiku. Figo ni miongoni mwa viungo vinavyoivunja na kuiondoa insulini mwilini. Zikichoka, insulini inakawia kwenye damu, na baadhi ya vidonge vya sukari navyo vinalimbikizana. Kwa hiyo sukari inashuka. Inashuka vizuri, hatua kwa hatua, mtu anafurahi. "Hii siyo nafuu," alisema, kidole bado kipo juu ya nyota. "Hapa figo ndizo zilikuwa zinaondoka."

Damu yake ilionyesha kreatinini 214, wakati kwa mwanamke kwa kawaida haizidi 100 hivi. Alipunguziwa dozi, akabadilishiwa vidonge, na diklofenaki ikakatazwa kabisa, kwani dawa za maumivu za aina hiyo huzidi kuziumiza figo zilizokwisha dhoofu. Mlonge wa Shangazi nao ukasimamishwa.

Tulirudi na karatasi ya pili ya chakula. Ya kwanza, ya sukari, ilikuwa ukutani tangu 2009: kula dona, kula maharage, ndizi za kupika badala ya wali. Ya pili, ya figo, kwa vile potasiamu yake ilikuwa juu: punguza maharage, punguza ndizi, dona usizidishe, chumvi ya siku nzima isifike kijiko cha chai. Baba alizibandika sambamba akavaa miwani. Wapare tunasemwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na Baba aliziendesha zile karatasi kama kesi, wiki nzima. "Hizi haziwezi kusema kweli zote mbili." Lakini zote mbili zilisema kweli, hiyo ndiyo shida. Ukimwondolea Mpare ndizi na maharage, mezani kinabaki chumvi, nayo imekatazwa.

Na makande je? Mahindi, maharage, halafu magadi ya kulainishia. Magadi ni sodiamu ile ile iliyomo kwenye chumvi, ila hakuna mtu anayeyahesabu kama chumvi. Tuliacha magadi, makande yakachemka mpaka jioni, kuni zikaisha. Ndizi tukaanza kuzimenya, kuzikata vipande vidogo, kuzichemsha kwenye maji mengi, kumwaga maji yale na kuzipika upya, ili potasiamu ipungue. Bibi alisimama mlangoni akitazama ninavyomwaga. "Unamwaga supu?" Hakusema nami siku mbili.

Mama ndiye aliyeelewa upesi kuliko sote. Alisema figo ni kama ndiva, yale mabwawa ya wazee wetu ya kukinga maji usiku na kuyafungulia asubuhi yaende mashambani. Tope likijaa ndiva, maji bado yanakuja, lakini hakuna pa kuyaweka. "Na tope la miaka tisa halitoki kwa jembe la siku moja," akasema, akaendelea kuchambua mchicha.

Kaka yangu alisikia kwamba Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, akasema yuko tayari kutoa yake. Mama alimwambia akae na figo yake aoe kwanza. Anachokiogopa ni ile mashine: mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara. Ukiwa unakaa Usangi na mashine iko Moshi, hayo siyo matibabu, ni kuhama nyumba.

Mpaka ninapoandika haya hajafika huko. Hupimwa kreatinini kila baada ya miezi mitatu. Ilishuka kidogo dawa za magoti zilipoachwa, halafu ikatulia.

Mwaka 2019 nilipata kazi mjini, na daftari likabaki kwake. Kwa hiyo kurasa za mwisho ni mwandiko wa Mama, mkubwa, wa mtu aliyeishia darasa la saba. Tofauti na mimi, yeye haandiki tarakimu tu. Ukurasa wa mwisho kabisa unasema: "Msiba kwa jirani. Waliniletea makande sahani nzima. Nikala vijiko vitatu nikasema nimeshiba. Walijua naongopa. 7.8."

Pembeni hakuna nyota. Ile ya kwangu, ya Julai, ameikata kwa mstari mmoja ulionyooka.