Amri Moja, Matoleo Mawili

Somo la kompyuta, kama hesabu, hufundishika vema likianzia kwenye jambo analolijua mwanafunzi. Nilishika njia hiyo nilipowaeleza walimu wenzangu wa Kirushya, wilayani Ngara, namna ya kuweka pip katika seva yenye matoleo mawili ya Python. Pip ni programu ya kuleta na kupanga programu nyingine, na kila toleo lina pip yake. Toleo la 2 lilikoma kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020; la 3 lilitoka mwaka 2008. Katika seva za zamani yote mawili hukaa pamoja.

Niliuliza: darasani mna akina Juma wawili, mwalimu akiita "Juma!", nani ataitika? Basi anayeandika "pip install" tu huita jina lisilo kamili. Kifurushi chaweza kuingia katika toleo asilolitumia. Akiandika "python3 -m pip install", ametaja jina na ukoo.

Kisha nikatoa zoezi: gawanyeni 7 kwa 2. Toleo la 2 lilijibu 3. La 3 likajibu 3.5. Hapo wakatambua wenyewe jinsi wastani wa alama za mtoto unavyoweza kupunjwa pasipo kosa lolote kuonekana.

Toleo la zamani lisifutwe ovyo, kwani huenda mfumo wenyewe unalitegemea. Heri kila kazi itengewe chumba chake kwa venv.

Mwalimu mtarajiwa, usikaririshe amri. Wazoeze wanafunzi kuuliza kwanza amri hiyo inamwita nani.