Mpira wa Petroli si Mpira wa Maji

Harufu ya petroli ndani ya gari kuukuu ni jambo ambalo wengi tumelizoea kupita kiasi. Abiria hufungua dirisha kidogo, akakohoa, safari ikaendelea. Wapo hata wanaodhani kwamba gari la zamani lisilonuka haliendi vizuri!

Mjomba wangu ana Toyota Hilux ya kabureta inayosomba ndizi kutoka Nyamira hadi soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Asubuhi, kabla ya ndizi, huwapeleka wanawe wawili shuleni kwa gari hilo hilo. Lilikuwa na maradhi mawili. Likisimama lilinuka, na likipanda mlima wa kuelekea Keroka lilikwama-kwama kama lililoishiwa mafuta, ilhali chini ya tangi hapakuwa na hata tone. Mjomba alikwisha kununua plagi mpya na filta mbili, fedha zilizotengewa karo.

Kijana mmoja wa juakali pale Keroka ndiye aliyetufumbua macho. "Mzee," akamwambia mjomba, "mpira ulio kabla ya pampu haumwagi petroli. Unavuta hewa."

Naam, pampu ya aina hiyo hunyonya petroli kutoka tangini. Kiungo kikilegea upande huo, hewa huingia, na injini ikapungukiwa hasa inapohitaji mafuta mengi, yaani mlimani. Baada ya pampu petroli husukumwa, na huko ndiko inakovuja na kunuka. Maradhi mawili, chanzo kimoja: mipira isiyotoshea.

Tulipolala chini ya gari tuliona maajabu. Mpira mnene kuliko bomba ulikuwa umezungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli na kufungwa kwa waya. Penginepo palikuwa na mpira mwangavu wa maji, ambao petroli ilikuwa imeukausha hadi ukapasuka. Yote hayo karibu na ekzosi yenye moto, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutuama chini badala ya kupaa. Nilipowafikiria wale watoto, nilikosa la kusema.

Sasa twende kwenye vipimo, maana hapa ndipo wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Mpira hupimwa tundu lake la ndani, lakini bomba la chuma hupimwa unene wake wa nje. Magari ya Japani hutumia milimita, na maduka mengi ya spea huuza kwa inchi. Bomba kuu la Hilux yetu lilikuwa na milimita 8. Mpira wa inchi 5/16 ni milimita 7.9, kwa hivyo unafaa kabisa. Ule wa 3/8 ni milimita 9.5, ukiukaza kwa klipu unajikunja, na kila kunjo ni njia ya hewa. Ndio huo aliokuwa ameuziwa.

Nati ni janga kubwa zaidi. Bolti ya milimita 12 yenye nyuzi za milimita 1.25 inafanana mno na ya nusu inchi yenye nyuzi 20 kwa kila inchi, kwa kuwa nyuzi hizo zimeachana milimita 1.27. Ile ndogo huingia kwenye tundu la ile kubwa, ikazunguka kidogo, kisha ikakata nyuzi zote. Kwa hivyo kuhesabu nyuzi pekee hakutoshi. Sharti upime na unene. Nao utepe mweupe wa mafundi wa bomba usitumiwe hapa. Kiungo chenye mdomo wa pia huziba kwa chuma kukutana na chuma, na vipande vya utepe huishia kwenye kabureta.

Wenye Probox, ambazo zimejaa barabara hizi za Kisii na Nyamira, wasidhani hayawahusu. Injini zao hurushiwa petroli kwa nguvu inayozidi ile ya upepo kwenye gurudumu. Mpira ulioandikwa 30R7 ni wa kabureta. Wa nguvu hiyo huandikwa 30R9. Maandishi yako ubavuni, msomaji, na kuyasoma hakulipiwi.

Mjomba alinung'unika. "Kijana, ndizi zitaoza huku unapima!" Alitaka mpira unaorudisha petroli tangini, wa milimita 6, uachwe kwanza. Fundi alikataa katakata kufunga kazi nusu, akautoa huo pia.

Siku hizi mjomba haulizi dukani "mpira wa Toyota". Anacho kipande kifupi cha ule mpya, chenye maandishi yake, ndani ya kisanduku cha dashibodi. Hukiweka juu ya kaunta na kunyamaza.